Naomba ushauri: wasifu wa kijiji cha mwambao wa Tanganyika kinachoishi kwa jembe

Mwambao Kusini aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Uvinza, ng'ambo ya mlango wa Mto Malagarasi. Kijiji chetu ni kidogo. Hakina gati wala soko kubwa, na barabara inayotufikia hupitika vizuri wakati wa kiangazi tu. Halmashauri imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa kijiji, ambao utasomwa kwanza mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kisha upelekwe wilayani. Ningependa mtu asiyewahi kufika kwetu akiusoma aelewe tunaishije na tumepungukiwa na nini.

Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila andiko nililowahi kusoma kuhusu vijiji vya mwambao huu huanza na mvuvi na kuishia na dagaa. Sikatai kwamba ziwa lina haki ya kutajwa, kwa maana lina urefu wa kilomita 673 hivi, kina chake kinafika mita 1,470, na nchi nne zinaligawana. Lakini kwetu kaya nyingi haziingii ziwani kutafuta riziki. Wengi wanaovua ni watu wa msimu, au vijana wanaofanya kazi kwenye vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, ambavyo wenyewe wanaishi mjini. Wenyeji wa kijiji huamka na majembe, wakalima muhogo, mahindi na maharage kwenye miteremko, na kuvuna chikichi mabondeni; fedha ya sare na madaftari hutoka kwenye dumu la mawese kabla ya kutoka kwenye wavu. Kwa sababu tumeandikwa kuwa wavuvi, kila mgeni anayekuja kutusaidia hufika akizungumzia nyavu na injini, na habari ya miche, mashine ya kukamulia mawese au dawa ya wadudu wa maharage haipati pa kuingilia.

Je, nianzie wapi ili kilimo kionekane bila kulificha ziwa? Na mambo gani ambayo waandishi wa wasifu huyasahau, kisha kijiji kikaja kuyajutia?

Mzee wa Ilagala alijibu:

Mwanangu, marahaba kwa salamu zako, na hongera kwa kazi hiyo, kwa sababu vijiji vyetu vingi vinajulikana kwa jina tu.

Mimi nakushauri uanzie kwenye ardhi, tena kwa mpangilio ambao mguu wa mtu huikanyaga akishuka kwenye mtumbwi. Kwanza ni mchanga, ambako mitumbwi huvutwa na dagaa huanikwa. Juu ya mchanga ni nyumba, pamoja na miembe na michikichi iliyopandwa na wazee. Nyuma ya nyumba kuna mabonde yanayoteremsha vijito, ndiko kwenye migomba, miwa na bustani za kiangazi. Ukipanda tena unafika kwenye miteremko ya muhogo na maharage, na mwisho ni msitu wa miombo unaotupa asali, kuni, uyoga na miti ya kujengea. Kijiji cha mwambao wetu ni chembamba ukikiangalia kutoka ziwani, lakini kinapanda mbali sana. Anayepita na boti huona ule ukanda wa mchanga peke yake, akaandika kwamba ameona kijiji. Ukimpandisha msomaji hatua kwa hatua kutoka majini hadi mlimani, hutahitaji kumwambia kwamba ninyi ni wakulima. Atakuwa amelipita shamba kwa miguu yake.

Jambo la pili ni historia ya makazi yenyewe. Usiandike kwamba kijiji "kimekuwapo tangu zamani" ukaachia hapo. Sehemu kubwa ya vijiji vya mwambao wa kusini vilipata sura yake ya leo katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972 na operesheni za vijiji zilizofuata. Kabla ya hapo Watongwe wengi waliishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika mabondeni na milimani, wakilima kwa kuhama na kuwinda. Wabembe na watu wengine waliovuka kutoka upande wa Kongo walikuwa na makazi yao kandokando ya maji, na Waha waliteremka kutoka nyanda za juu kutafuta ardhi na biashara. Serikali ilipowakusanya watu pwani ya ziwa, walikuja na majembe yao na mazoea yao, ila mashamba ya zamani yakabaki kule juu. Hadi leo ukipanda utakuta miembe na michikichi imesimama katikati ya pori, na hayo ndiyo mahame, yaani makazi yaliyoachwa, ya watu wenye wajukuu walio hai, wanaojua mti upi ulipandwa na nani. Yaandike mahame hayo kwa majina yake. Ni historia, na pia ni chanzo cha madai ya ardhi ambayo huwezi kuyakwepa.

Usisahau habari ya usafiri wa mazao. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiteremsha majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, ndiyo iliyokuwa barabara yetu. Ilikuwa inasimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikiifuata ikiwa imejaa magunia ya muhogo, madumu ya mawese, mikungu ya ndizi na abiria. Katika miaka ambayo meli hiyo ilisimama, mkulima alibaki na boti za mbao, ambazo hutoza nauli ya mtu na nauli ya gunia, na ambazo hazisafiri upepo unapochafuka. Bei ya gunia shambani kwako haieleweki mpaka useme linafikaje Kigoma.

Bwana Shamba Mstaafu alijibu:

Nakubaliana na mzee wetu kuhusu ardhi, nami naongeza mwaka. Mkoa wa Kigoma una msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, ukifuatiwa na kiangazi kikali kuanzia Juni hadi Septemba. Wasifu unaotaja mazao bila kutaja miezi haumsaidii mtu anayepanga kuleta mbegu, kwa sababu mbegu ya mahindi ikifika Januari mkulima ameshapanda. Andika mahindi yanapandwa lini, maharage ya kwanza na yale ya mwisho wa mvua, ambayo wengi huyapanda Februari na Machi, muhogo unaokaa ardhini mwaka mzima na zaidi, na mboga za mabondeni ambazo zinaokoa kaya wakati wa kiangazi.

Kisha ulinganishe mwaka huo wa shamba na mwaka wa ziwa, maana hapa ndipo kijiji chako kinatofautiana na kijiji cha Kasulu au Buhigwe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kubwa vipe hupumzika. Siku hizo fedha hupungua ufukoni, na mama anayeuza makopa ya muhogo au ndizi anaona tofauti ingawa yeye hajawahi kupanda mtumbwi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Watu wengi walilizungumzia jambo hilo kama la wavuvi peke yao, lakini miezi hiyo ndiyo mkulima anayotoa mavuno yake sokoni, na mnunuzi wake wa karibu ni yule yule mvuvi. Eleza kijijini kwenu hali ilikuwaje: je, vijana wa vipe walirudi mashambani kutafuta vibarua, bei ya mahindi ilikwenda wapi, watu walikula ugali kwa mboga gani? Aya moja ya namna hiyo itamwonyesha afisa wa wilaya jinsi jembe na wavu vinavyolishana.

Kuhusu michikichi, usitosheke na kuandika kwamba "kijiji kina michikichi mingi". Andika ni michikichi gani. Ile ya asili tuliyorithi, inayoitwa Dura, ina kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo ya nje, kwa hiyo mafuta yake ni machache ukilinganisha na Tenera, ambayo hupatikana kwa kuchavusha Dura kwa mbelewele (chavua) za aina ya tatu, Pisifera. Tangu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alipofanya ziara mkoani mwaka 2018 na kulifanya zao hili kuwa la kipaumbele, kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimekuwa kikizalisha mbegu na miche ya Tenera. Kwa nafasi ya mita tisa kwa mpangilio wa pembetatu, hekta moja huchukua miche 143 hivi, na mti unaotunzwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.

Hapa nina ombi langu kubwa kwako. Iandike hali ya miche kijijini kwa ukweli wote, kwa sababu nimeona vijiji ambako mkulima mmoja alipewa Tenera, ikazaa vizuri, kisha majirani wakaokota mbegu chini ya miti yake na kuotesha wenyewe. Kizazi hicho hakifanani na mama: karibu robo ya miche hurudi kuwa Dura, robo nyingine huwa Pisifera ambayo mara nyingi haikomazi matunda, na nusu tu ndiyo hubaki Tenera. Mkulima atakaa miaka mitatu akipalilia mti usiomfaa. Ikiwa wasifu wako utasema wazi kwamba watu wanaotesha mbegu za kuokota kwa kuwa hawana pa kupata miche, hiyo ni hoja yenye nguvu ya kuomba kitalu kianzishwe karibu nanyi.

Muhogo nao una magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Mtu anaweza kuona majani yenye afya ya kuridhisha, na wakati wa kung'oa akakuta mizizi ina madoa makavu ya kahawia ndani, isiyofaa kuliwa wala kuuzwa. Taja kama wakulima wanabadilishana mbegu za vijiti wao kwa wao, kwani ndivyo magonjwa hayo yanavyohama kutoka shamba hadi shamba.

Mama Mise alijibu:

Shikamoo wazee wangu. Ndugu mjumbe, mimi nakamua mawese katika kijiji cha mwambao, na nina neno moja ninaloomba lisikosekane: andika ni nani anafanya kazi ipi, na mti ni wa nani.

Katika fomu za wasifu nilizoziona, kaya huandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, na mbele yake huwekwa neno "mkulima". Neno hilo limebeba watu wengi. Mikungu ya chikichi huangushwa na wanaume au vijana wanaojua kupanda. Ikishafika chini, kazi inayobaki kwa sehemu kubwa ni yetu wanawake. Tunaiacha siku kadhaa ili matunda yalegee, tunayachambua, tunayachemsha kwenye pipa kwa saa nyingi, tunayatwanga au kuyapeleka kwenye mashine, tunakamua, kisha tunachemsha tena mafuta ili maji yatoke. Makapi na maganda tunayatumia kama kuni. Kokwa tunazianika hadi zikauke, halafu tunazipasua kutoa mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa, na mise hiyo ina soko lake na mafuta yake, na sabuni hutengenezwa kutokana nayo. Kwa kaya nyingi ninazozijua, fedha ya mawese hupita mikononi mwa baba kwa sababu mti ni wake, na fedha ya mise ndiyo mama hujipangia mwenyewe. Mtu akileta mashine inayochukua chikichi nzima na kwenda nayo kiwandani bila kuuliza jambo hili, atakuwa amemwondolea mama fedha yake bila hata kujua.

Tena, wanawake wengi wanaokamua hawana miti. Wananunua mavuno yakiwa bado juu ya mti, mara nyingi kutoka kwa mwenye shida ya fedha ya haraka, na bei huamuliwa na shida hiyo. Mjane huweza kubaki na nyumba na kuikosa michikichi, kwa madai kwamba miti ni ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba linapaswa kuwa na wanawake wasiopungua watatu. Wasifu useme kama baraza lenu lipo na kama wanawake hao wamo kweli, na useme ni wanawake wangapi wana hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yao.

Kuhusu muhogo, taja maji ya kulowekea. Aina chungu hailiki bila kulowekwa na kuanikwa, kwa kuwa ina sumu, na sisi tunaloweka vijitoni au kando ya ziwa, mahali pale pale ambapo watoto huoga na watu huchota maji ya kunywa. Kichocho na kipindupindu haviko mbali na kilimo chetu. Ukiandika sura ya afya peke yake na sura ya kilimo peke yake, jambo hili litaanguka katikati na hakuna atakayeliona.

Mwalimu wa Kaskazini alijibu:

Nawasalimu kutoka mwambao wa kaskazini, kati ya Kigoma mjini na Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Kwetu milima iko karibu zaidi na maji kuliko kwenu, na mashamba ya muhogo yamepanda hadi kwenye miamba. Nitasema kuhusu mambo ambayo kijiji huja kuyajutia.

La kwanza ni mteremko. Hifadhi ya Gombe ilipotangazwa mwaka 1968, misitu ilikuwa bado imefunika sehemu kubwa ya milima inayoizunguka. Kadiri watu walivyoongezeka, miti iliondoka, na mvua kubwa zikaanza kuteremsha udongo na mawe hadi kwenye nyumba. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 ikianza na vitalu vya miti, na baadaye vijiji vilisaidiwa kupanga matumizi bora ya ardhi na kutenga misitu yao wenyewe mlimani. Pale ambapo watu waliacha visiki vichipue badala ya kuving'oa, kijani kimerudi. Nyinyi wa kusini bado mna miombo mingi, kwa hiyo andikeni sasa hali ya msitu ikoje, unakatwa upande gani, na kwa ajili ya nini: shamba jipya, mkaa, au kuni za kukaushia samaki na kuchemshia chikichi. Udongo unaoteremka hauishii mtoni, bali hufunika mawe ya kando ya ziwa ambako samaki wengi huzalia. Hata mtu asiyejali shamba la jirani ana sababu ya kujali mteremko wake.

La pili ni ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Katika kijiji chembamba kama mzee wetu alivyokieleza, mita 60 ni sehemu kubwa ya makazi. Ziwa lenyewe pia halikai mahali pamoja: miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakafunika nyumba, masoko na mashamba ya kando ya ziwa katika maeneo mengi, yakiwemo ya Kibirizi na Ujiji. Pimeni mita hizo mkiwa pamoja, mkionyesha alama ya maji ya juu kabisa ambayo watu wanaikumbuka, na muandike michikichi na nyumba ngapi zimo ndani yake. Nawasihi msiifiche namba hiyo kwa hofu ya kuhamishwa. Kijiji kinachojua namba zake huweza kuomba muda na eneo mbadala, lakini kisichozijua hupangiwa na wengine.

Mwisho, usiandike takwimu ambayo hamkuihesabu. Ni heri useme "kaya za vitongoji viwili zimehesabiwa, cha tatu bado" kuliko kukadiria ukubwa wa shamba la kila mtu kutoka ofisini.

Mwambao Kusini aliandika tena:

Nawashukuru sana wazee wangu, mama na mwalimu. Nimeamua kuufuata mpangilio wa kutoka majini kwenda mlimani, na ndani ya kila ukanda nitaeleza mwaka wake na watu wake, ili ziwa liingie kila linapogusa shamba. Habari ya mise sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

Nina swali moja lililobaki kwa Mzee wa Ilagala. Kwetu kuna hame moja lenye michikichi mingi ya zamani, na familia mbili zinalidai, moja ikisema babu yao alipanda miti, nyingine ikisema ilipewa eneo hilo na uongozi wa kijiji baada ya watu kuhamishwa. Mtendaji anaona tusilitaje kabisa ili mkutano mkuu usivurugike. Wewe unaonaje?

Mzee wa Ilagala alijibu:

Mwanangu, litajeni. Msipolitaja, atakuja mtu wa tatu mwenye fedha aonyeshwe eneo hilo kama pori tupu la kijiji, na familia zote mbili zitapoteza.

Ila wasifu usitoe hukumu, kwani hiyo si kazi yake. Andika jina la hame, mahali lilipo, kwamba lina michikichi ya zamani, na kwamba familia mbili zina madai ambayo hayajaamuliwa na Baraza la Ardhi la Kijiji. Kabla ya kulisoma mkutanoni, nenda kwa kila familia peke yake, tena kwa wazee wao na si kwa vijana, uwasomee aya hiyo kama ilivyo na uwaulize kama kuna neno linalowaumiza. Wakikubali maneno yake, mkutano hautavurugika. Wakikataa, acha nafasi, uandike madai ya kila upande kwa maneno yao wenyewe, mstari kwa mstari. Na waite wazee wa kijiji jirani waje kuonyesha mpaka wa upande wa mlimani kabla ya mkutano, kwa kuwa mahame mengi ya wakati ule yalitumiwa na watu ambao leo wako vijiji viwili tofauti, na huenda hame mnalogombea limevuka mpaka.